Kamba ya mafundo 32: Goma, Bukavu na Idjwi kwa siku sita

Safari yenyewe ilikuwa ya siku sita, Jumamosi tarehe 13 hadi Alhamisi tarehe 18 Julai 2019, lakini kuiandika kumenichukua majuma matatu kwa sababu wateja hawangoji. Mimi ni mshonaji hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Daftari langu ni moja tu, la vipimo, kwa hiyo safari nzima imeandikwa kwenye kurasa za nyuma, na mahali pengine nauli ya boti imekaa ubavuni mwa kiuno cha mama fulani. Nimejitahidi kutenganisha. Palipochanganyika kabisa nimefungua picha za simu.

Kwanza sababu. Babu mzaa mama alifariki Mei, huko Bukavu. Alizaliwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, akavua ziwani sehemu kubwa ya maisha yake, kisha akahamia Kadutu, mtaa wa Bukavu, watoto walipofikia umri wa sekondari. Wajomba waligawana kilichogawanyika: nyumba, kipande cha shamba, redio. Likabaki sanduku la bati chini ya kitanda, la vitu vya uvuvi, ambalo hakuna aliyelitaka. Kumbe alikuwa amemwachia mama neno: "Lile mpeni yule mtoto aliyekuwa ananijazia sindano."

Mtoto huyo ni mimi. Likizo za shule nilikuwa nikikaa mbele ya babu na sindano yake ya kufumia nyavu, ile ya mbao, pana kama kidole gumba, ambayo haina tundu la kutunga uzi. Uzi unauzungusha ndani yake, huku na huku, hadi sindano inanenepa. Macho yake yalishaanza kufifia. Malipo yalikuwa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) watano wa kukaanga kwa kila sindano, na nilikuwa nawahesabu. Watu husema ushonaji nimeurithi kwa shangazi. Shangazi na aendelee kushukuriwa.

JUMAMOSI 13: GOMA HADI BUKAVU

Bandarini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwanza unanawa mikono kwa maji ya klorini, halafu unaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Tulikuwa tumezoea; tangu Ebola ianze upande wa Beni mwaka 2018 ndivyo tulivyokuwa tukisafiri. Kijana wa kipimajoto aliniambia nina 36.2. Nikamwambia hiyo ingekuwa kiuno ningefurahi.

Nauli ya meli kubwa, daraja la pili, ilikuwa dola 15. Zilikuwapo boti za kasi zilizofika kwa saa tatu hivi, ila bei yake ilikuwa mara mbili na zaidi, na mtu akitapika mle ndani hakuna pa kukimbilia. Meli ilikuwa iondoke saa moja na nusu. Iliondoka saa tatu na robo, baada ya magunia ya vitunguu kupakiwa, kushushwa, na kupakiwa tena upande mwingine.

Kwa atakayekuja nyuma yangu: beba kadi ya mchaguzi, maana utaulizwa Goma na utaulizwa tena ukishuka Bukavu, ingawa hujavuka mpaka wowote. Dola ziwe safi. Noti iliyochanika hata urefu wa ukucha, hakuna atakayeipokea, na mwenye duka anayekukatalia atakuambia yeye mwenyewe hana tatizo nayo, ila wenzake ndio watamkatalia. Mwezi huo dola moja ilikuwa karibu faranga 1,650. Na jaketi la kuokolea uliombe mwenyewe, ulivae. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu kama 150 wakapotea. Tangu hapo majaketi yalitakiwa kwa kila abiria, lakini siku yetu yalikuwa yamerundikwa kwenye kona, yamefungwa kamba, kama vile nayo ni mzigo wa mtu.

Jirani yangu alikuwa mama mwenye maduara manane ya jibini ya Masisi kwenye beseni. Upepo wa mchana ulipoanza, meli ikaanza kulala ubavu huu na ule. Mimi, mjukuu wa mvuvi, nikageuka rangi. Mama akanikatia kipande cha jibini na kunipa ndizi mbivu, akaniambia nitazame mlima, nisitazame maji. Nilitazama milima ya Idjwi upande wa kushoto kwa saa tatu nzima. Kisiwa kile hakiishi. Nikataka kumlipa jibini yake, akakataa: "Mutoto wa ziwa anatapika, si ni aibu yetu sote?"

Tuliingia Bukavu saa kumi alasiri. Teksi ya kuchangia hadi Kadutu faranga 500, kisha kupanda kwa miguu vichochoro ambavyo mvua imevichimba hadi mizizi ya nyumba inaonekana.

JUMAPILI 14: SANDUKU

Baada ya misa tulilifungua uani, mbele ya mama, wajomba wawili na watoto wa majirani waliokaa juu ya ukuta kama kunguru.

Harufu ilitoka kwanza: mafuta ya taa, kutu, na kitu kama samaki wa zamani sana. Ndani mlikuwa na sindano yangu (naiita yangu) na kibao chembamba cha kupimia matundu ya wavu, kimelainika kama sabuni. Kopo la tumbaku lililojaa ndoano za ukubwa tofauti, nyingi zimeshikana kwa kutu hata huwezi kutoa moja bila kutoa kumi. Taa ya karabai, kioo kimepasuka. Na kamba, kamba ndefu ya nailoni iliyokuwa imezungushwa kwenye gongo la mti, imekauka na kuwa ngumu kama waya. Ngafi (kasia lake) haikuingia sandukuni. Ilikuwa imesimamishwa nyuma ya mlango miaka yote, wakiitumia kusukumia komeo.

Chini kabisa, ndani ya soksi, mlikuwa na risasi. Nasema risasi ile madini laini, vipande vya kuzamishia kamba. Mvuvi huipasua, hupitisha uzi katikati, kisha huibana ifunge. Babu aliibana kwa meno. Siku hizi tunajua risasi ni sumu, na hakuna anayepaswa kuitia mdomoni, lakini yeye alifanya hivyo maisha yake yote. Nilichukua kipande kimoja nikakigeuza kwenye jua. Alama za meno zilikuwa pale, mbili huku, na upande wa pili moja, kisha pengo, kisha moja. Pengo lile nalijua. Ndilo alilokuwa akipitishia ulimi akifikiri. Nilikirudisha kwenye soksi haraka, kwa sababu watoto wa ukutani walikuwa wananitazama usoni.

Mjomba mkubwa yeye alichukua taa. Akaitikisa, akaipuliza vumbi, akasema kuna hoteli inatafuta vitu vya zamani vya kupambia baa, na vya namna hii wanatoa hata dola 40. Aliyekuwa amesema mwezi mzima kwamba sanduku ni takataka! Mama akamwambia taa ni ya mtoto. Tukaafikiana kwamba nitaondoka nayo, nimtumie picha nzuri, bei ikipatikana tutazungumza. Mimi nilikuwa nikitazama kitu kingine. Kwenye tangi la taa, chini ya masizi, mtu alikuwa amekwaruza herufi mbili kwa msumari. Hazikuwa herufi za jina la babu.

Alasiri nilishughulika na kamba. Ilikuwa na mafundo, na umbali kati ya fundo na fundo ulionekana sawa, kwa hiyo nikatoa mita yangu ya kushonea. Mita 1 na sentimita 74. Fundo linalofuata, 174. Linalofuata, 174 tena. Ni pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Nilinyoosha yangu, mama akanipima: 158. Basi babu alikuwa amebaki pale, upana wake wote, nikawa naupitisha mikononi kipande kwa kipande.

Hadi fundo la 20. Kuanzia hapo pima zikapungua ghafla: 161, 161, 161, hadi mwisho, fundo la 32. Nilipima mara mbili nikidhani ni mita yangu imevutika. Nikaandika daftarini: "Babu alizeeka katikati ya kamba?"

Tulikula bugali, sombe (kisamvu) na sambaza. Watano nilihesabu kwa mazoea, nikala kumi na mbili. Usiku redio ikatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa Ebola amethibitishwa Goma. Mjomba mdogo akasema nisirudi. Nikamwambia cherehani yangu iko kule.

JUMATATU 15: RISASI

Mama alikuwa ameniomba nipite Idjwi nimsalimie dada ya babu, ambaye miguu ilimzuia kuja kwenye kilio. Kwa hiyo asubuhi nikateremka bichi (ndivyo tunavyoita gati huku kwetu) na sanduku, ngafi, na mkate wa bibi.

Maboti ya kwenda Idjwi ni ya mbao, yenye mashine nyuma. Nauli faranga 6,000, sanduku 1,000, ngafi 500. Niliuliza ngafi inalipiwa kwa nini wakati ikitokea mashine imezimika itatusaidia wote. Kijana wa mizigo akafikiri, akanirudishia 200.

Kabla ya kupanda, ofisa mmoja akaniita pembeni. Naandika mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Mama, mule sandukuni muko nini?"

"Vitu vya babu. Ndoano, kamba, taa, na risasi."

Kimya. Watu wawili waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakagundua wana haraka ya kwenda kwingine.

"Risasi za nini?"

"Za kuvulia samaki."

Sijui kwa nini nilidhani hilo lingesaidia. Akaita mwenzake, mwenzake akaja na bunduki, nami nikaelewa nilichosema. Hapa kwetu Kivu, katika bandari yoyote, hilo ni neno la kutumia kwa uangalifu. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Aliyeniokoa ni muuza sambaza aliyekuwa ameketi na beseni lake hatua chache. Aliinuka, akaingiza mkono kwenye soksi bila kuomba ruhusa, akatoa kipande kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha ofisa. "Papa, hii njo ile ya kuzamisha ndoano. Ona, muzee aliiuma."

Ofisa akakiangalia kwa muda mrefu. Akakipeleka karibu na mdomo wake mwenyewe, kulinganisha.

"Alikuwa hana jino hapa," akasema.

"Hakuwa nalo," nikasema.

Akanirudishia, akaniambia siku nyingine niseme nina vyuma vya uvuvi. Nami nawapa wasomaji ushauri huo huo, bure.

Boti lilikuwa liondoke saa nne. Likangoja sementi. Nikanunua mandazi kwa faranga 500 na chai ya maziwa kwa 500, nikakaa na yule muuza sambaza. Aliniambia sambaza hawakuwapo katika ziwa hili zamani. Mama yake mzazi alikumbuka walipoletwa kutoka Tanganyika, wakati wa Wabelgiji. Nimehakikisha baadaye, na ni kweli, ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Maana yake babu alizaliwa kabla ya sambaza. Utotoni alivua kandokando tu, kwa ndoano na mitego, tilapia na kambale, kwa sababu kule katikati hakukuwa na samaki wa kufuata. Samaki ambaye sote tunamwona kama ndiye Kivu yenyewe ni mgeni kuliko babu yangu.

Tuliondoka saa tisa. Jua lilikuwa limezama tulipogusa Idjwi ya kusini. Kijana nisiyemjua akabeba sanduku kichwani hadi kwa bibi, karibu nusu saa ya kupanda, akakataa pesa, akakubali mandazi mawili yaliyobaki.

JUMANNE 16: PIMA

Bibi ni mdogo kama mtoto wa darasa la tatu na ana sauti ya askari. Aliponisikia nikieleza kuhusu herufi zilizokwaruzwa kwenye taa, hata hakuomba kuiona. "Hiyo ni ya mwenzake. Yuko kule chini, bichi. Mpelekee. Anaingoja tangu zamani."

Nikateremka mchana, na wajukuu wawili wa bibi wamebeba sanduku. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani: mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma kama pembe, nyavu zimeanikwa juu. Ndiyo ekipe. Usiku huteremka ziwani wakipiga kasia na kuimba, wanashusha wavu, wanawasha taa juu yake, sambaza wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Lakini vijana wote walikuwa wamelala chini ya mti. Nikauliza kuna nini, mmoja akaonyesha mbinguni bila kufungua macho. Kumbe nilikuwa nimekuja usiku wa mwezi mpevu.

Kwa mwenye kutaka kuona uvuvi wa sambaza: angalia kalenda kabla ya kulipa nauli. Mwezi ukijaa, mwanga umetanda ziwa zima, na taa ya mvuvi haina cha kumpa samaki. Siku kadhaa kabla na baada, hawaendi. Mimi sikuangalia. Sikuona uvuvi hata kidogo, na picha zangu zote za mitumbwi ni za mitumbwi iliyolala.

Mzee alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, anashona wavu, kofia ya sufi kichwani katika joto lile. Nikamwamkia, nikajitambulisha mimi ni mjukuu wa nani. Sindano ikasimama. Hakuniuliza babu alikufaje. Habari zilishavuka maji. Nikafungua sanduku, nikampa taa.

Akaigeuza, akasugua masizi kwa kidole gumba hadi herufi zikatokea. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha sana.

"Alisema ananirudishia wiki ijayo."

Mara tu babu alipohamia Bukavu, alichukua taa ikatengenezwe pampu yake mjini. Hiyo ilikuwa kabla ya mimi kuzaliwa, nami mwaka 2019 nilikuwa natimiza 31. Mzee alikuwa ameinunua kwa pesa ya kahawa ya misimu miwili, miaka ile ya 1980 ambapo uvuvi wa taa na mitumbwi mitatu ulikuwa unaanza kushika, na kila mtu alitaka kuingia. "Nilikopa nyingine," akasema. "Nikalipa deni mwaka na nusu." Hakuipandisha sauti. Nikajikuta naomba radhi kwa kosa lililonitangulia duniani. Akapokea, bila kusema hakuna neno, na nilimheshimu kwa hilo.

Nikadhani nimemaliza. Ndipo akaona kamba.

Akaamka, akaniambia tuitandaze. Uani Kadutu haikuwezekana, lakini pale mchanga ulitosha. Wajukuu wa bibi wakashika ncha moja, wakakimbia. Tukatembea kando yake, mzee na mimi, yeye akihesabu mafundo kwa kidole cha mguu. Alipofika la 20 akasimama. Akainama, akalifungua kidogo kwa kucha, akalikaza tena.

"Hapa njo babu yako aliishia. Hizi zingine ni zangu."

Babu alikuwa amelala na malaria wiki nzima. Sambaza walikuwa wamekwenda chini, wavu haufiki, na ekipe haingeweza kumngoja mtu mmoja apone ndipo kamba irefushwe. Basi mwenzake akaunga kipande, akanyoosha mikono, akafunga mafundo mengine. Babu aliporudi hakuyafungua. Wakashusha wavu kwa mikono ya watu wawili, miaka na miaka, na mshushaji akihesabu gizani alijua kwamba baada ya ishirini pima zinakuwa fupi.

Nikatoa daftari nikamwonyesha nilichoandika Jumapili, kwamba babu alizeeka katikati ya kamba. Alicheka hadi kofia ikaanguka.

Nilikuwa na swali jingine. Gongo lilikuwa na nafasi kubwa bado. Kwa nini waliishia 32? Akasema walikwenda hadi 40. Kamba ikarudi tupu, na ncha yake inanuka yai bovu. Wakajaribu tena usiku mwingine, sehemu nyingine, yai bovu tena. Wakakata yale manane wakafungia mbuzi. Nilipiga hesabu pale pale: pima 20 za babu na 12 za mzee ni mita 54 na kidogo. Wapimaji wa ziwa wanasema hewa ambayo samaki anaihitaji inaishia karibu mita 60, chini yake ni maji mazito yaliyojaa gesi, ambayo hayachanganyiki na ya juu, hadi kina cha mita 485. Upande wa Rwanda wanaivuta methani ya huko chini na kuifanya umeme. Ziwa lote hili, nguo nzima, na samaki wanaishi kwenye upindo. Hawa wawili walijua upindo unaishia wapi kwa pua zao.

Mzee akaniomba nimpime. Nikampitishia mita kuanzia kidole hadi kidole. Viwiko havikunyooka tena vizuri. 158. Nikanyoosha yangu mbele yake, tukagusanisha ncha za vidole, sawasawa. Akazitazama kwa muda, akasema mikono ya mshonaji si mibaya, akarudi kwenye wavu wake.

Usiku nilirudi bichi na sahani ya makemba (ndizi za kupika) kutoka kwa bibi. Mwezi ulikuwa mkubwa hata vivuli vya mitumbwi vilikuwa na ncha. Kaskazini anga lilikuwa jekundu juu ya Nyiragongo, kama kawaida yake siku hizo, mtu akiwa Goma alilizoea akalisahau. Mzee alikuwa ameipaka ngozi ya pampu mawese ili ilainike, kijana mmoja ametoa utambi wa zamani nyumbani kwao. Wakapampu. Taa ikapumua mara mbili, ikatema ulimi wa njano, utambi ukavunjika ukawa majivu. Vijana wakacheka, wao wana taa za betri. Mzee akasema kesho.

Ilipofika saa nne mtu akapiga kelele tuangalie juu. Mwezi ulikuwa unaliwa. Ulianza kwa ukingo, taratibu, na kufikia saa tano na nusu theluthi mbili hivi ilikuwa imefunikwa na ziwa limekuwa kijivu cha jivu. Mjadala ukaanza: ukifunikwa wote, tunaingia? Wawili wakaanza hata kukunja nyavu. Mzee, bila kuinua kichwa: "Hautafunikwa wote." Sijui alijuaje. Haukufunikwa wote. Wakakunjua nyavu, wakamaliza makemba.

JUMATANO 17: BARABARA

Hakukuwa na boti la moja kwa moja kutoka kwa bibi hadi Goma siku hiyo, kwa hiyo nikakodi pikipiki kuvuka kisiwa hadi Bugarula, kaskazini. Faranga 20,000, baada ya kuanzia 35,000. Saa tatu za vumbi, mananasi na kahawa, na ngafi nimeishika wima kama mkuki. Watoto wa kila kijiji walinipigia saluti. Nanasi kubwa lilikuwa faranga 500. Goma tulikuwa tukilipa mara tatu. Nililala kwa watawa, dola 10 na chakula.

ALHAMISI 18: GOMA

Boti la asubuhi, ziwa limelala, hakuna cha kusimulia. Bandarini Goma foleni ya kunawa ilikuwa imefika hadi majini. Dunia nzima ilikuwa imeshatangaziwa habari za Ebola ya mji wetu usiku wa jana yake, na vipimajoto vilikuwa vitatu badala ya kimoja. "Sandukuni muko nini?" "Vyuma vya uvuvi." Nikapita.

Chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hadi nyumbani 2,000, na mwenye chukudu akaning'iniza ngafi mbele kama bendera.

Jumla, pamoja na zawadi za bibi: dola 71. Nilipanga 50.

Sindano iko kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini. Juzi nimeijaza uzi wa suruali, bila sababu. Soksi ya risasi nimeitundika juu, watoto wasifikie. Kamba nimeizungusha upya kwenye gongo lake, ya babu chini, ya mzee juu. Ndoano nimezitia kwenye mafuta ya taa, na hadi leo zimeachiana saba.

Mjomba amepiga simu mara nne. Hoteli imepandisha hadi dola 55, na anataka picha ya taa, iliyo safi, mchana, bila kidole cha mtu. Mara zote nimemwambia mtandao ni mbaya. Mjomba, ukisoma hapa: mwenyewe ameipata, na anasema pampu bado haijatengenezwa.